Mapazia ya Saa Moja Kamili

Verna Haglund alikuwa anatafuta kitu cha kuamka badala yake.

Miaka sabini na tisa, nyonga mbovu, na huyo hapo kaegemea meza ya duka la vifaa vya umeme pale mjini Duluth, Marekani, mwisho wa Januari, anabishana na msichana wa dukani kuhusu chipu ndogo kuliko ukucha.

"Bibi, hiki kikompyuta chako cha kupangia saa hakina ubavu wa kuzungusha mota," Kaisa, yule msichana, alimwambia. "Ukiviunganisha moja kwa moja, unakiunguza. Lazima chipu ikae katikati. Mota yenyewe inavuta nini?"

"Mapazia. Mazito, ya mahameli. Na yafunguke saa moja asubuhi kamili, isizidi hata dakika."

"Kwani saa moja kuna nini?"

Kulikuwa na mzee wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Tangu wote wawili wafiwe na wenzi wao, walikubaliana: kila asubuhi kila mmoja anafungua mapazia yake, mwenzake anaona yuko hai, basi. Asiyefungua, ndugu zake wanapigiwa simu. Novemba Verna alipitiwa na usingizi mara mbili, na mara zote mbili yule mzee akampigia binti wa Verna huko Denver. Binti akasema ya tatu ni makao ya wazee, nyumba inauzwa, hataki mjadala.

"Yeye hachelewi hata siku moja!" Verna alifoka. "Saa moja kamili, paa! Utadhani yuko jeshini. Theluji ya ngazini kwake tu ndiyo imemshinda, imejaa mpaka magotini, haina hata unyayo. Mvivu! Ila ana utu. Juzi nimelala hadi saa nne, nimekurupuka, nikajua leo nimekwisha. Kimya. Hakupiga! Kanionea huruma."

"Si umpigie umshukuru?"

"Kiziwi yule? Anapiga, anapayuka, anakata. Kupokea hapokei. Na kwenye barafu hii sivuki na nyonga yangu."

Kaisa akaweka chipu mbili mezani. Moja kubwa, ya zamani, ina bati mgongoni. Bei poa, lakini inachemka kama kikaango na betri inazimaliza ndani ya wiki. Nyingine ndogo, mpya, haipati moto. Mota ikikwama inajikata yenyewe, ikitulia inajaribu tena.

Verna alivaa miwani aitazame ile ndogo. "Haitaniangusha?"

"Weka betri nzuri, bibi, mwaka mzima haimhitaji mtu."

"Basi nifungie. Na mimi nimtangulie huyo mzee Orville, hata kwa sekunde moja."

Kaisa akaacha kufunga. "Orville? Yule wa kofia nyekundu ya masikio, anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya ziwa?"

"Huyo huyo."

Msichana akaangua kicheko. "Jamani, kumbe ni nyie! Nilimuuzia hii hii kabla ya Krismasi, naye ya mapazia. Aliahidi kuniletea biskuti, mpaka leo sijamwona. Lakini alivyofurahi siku ile! Eti, 'Sasa nalala nitakavyo, yule bibi wa ng'ambo hatajua.'"

Verna akaikumbuka ile theluji ya ngazini isiyo na unyayo, na simu ambayo haikulia.