Hina ya Siwema

Hivi umewahi kuwashwa pua usiweze kuikuna, si kwa saa moja, bali kwa miaka sita? Siwema, fundi wa mitambo huko juu mwezini, alikuwa hivyo. Sheria ilisema fundi havui vazi lake la anga, hata akija likizo kwao, mpaka miaka mitatu iishe na atamke mwenyewe kwamba anataka kuvuliwa. Akinyamaza, anaanza mitatu mingine.

Sasa miaka mitatu ilitimia mara ya pili, naye yuko kwao likizo. Mama yake alimnywesha uji kwa mrija, akamfuta kioo cha usoni kwa upindo wa kanga, kisha akakaa kukoroga hina ya harusi ya mdogo wake Siwema.

"Wewe dubwana langu, mikono utaitoa lini nikupake?"

Siwema akacheka tu. Glavu zile, ngumu kama mpira uliojazwa upepo, zilishamng'oa kucha zote kumi, na mama hakujua.

Daktari wa mafundi, aliyekuja kusikia tamko lake, akabisha hodi. "Una neno, binti?"

Mara ile ya kwanza aliona haya mama aione mikono yake, akanyamaza. Sasa akatazama hina ikianza kukauka pembeni mwa bakuli.

"Nivueni," akasema. "Kucha sina, mama, lakini nataka hina."