Hukumu ya Dari

Kipande cha zege la dari, ukubwa wa kiganja, kilitumbukia kwenye sufuria ya maziwa ya mtoto asubuhi. Kabla ya adhuhuri mwenye nyumba alikuwa ameshamleta Fundi Sikio.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wajenzi wenzake kwa namna anavyopima zege bovu: anagonga kwa nyundo ndogo, anasikiliza. Zege zima hulia kama jiwe. Lililoachana na nondo zake kwa ndani hulia kama debe tupu, na hapo ndipo anapozungushia chaki. Viduara vikiwa vichache, panachimbwa, nondo zinasuguliwa kutu, panazibwa kiraka. Vikijaa, dari nzima inavunjwa na kumwagwa upya. Neno lake halikuwa na rufaa.

Kulikuwa na shida moja tu. Mpangaji wa chumba hicho alikuwa binti yake, na wawili hao hawakusemezana tangu binti aolewe bila ridhaa ya baba, mwaka wa tatu sasa. Mzee aliapa kwamba binti huyo hakanyagi kwake mpaka aombe msamaha kwa mdomo wake mwenyewe. Binti naye, ambaye ukaidi hakuuokota barabarani, hakuwahi kuomba. Mama peke yake ndiye aliyekuja kuwaona wajukuu, tena kwa kuibia, akiwaletea habari za nyumbani, zile zinazosemeka.

Fundi aliingia na salamu moja ya wote, akasimamisha ngazi bila kumtazama mtu. Nyuma yake akaja mkewe. Siku hizi haendi kazini bila yeye, na wenzake walimtania kwamba mapenzi yamempanda kichwani uzeeni. Mama akaishika ngazi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaushika mguu wa mumewe, asije akaanguka.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazamana na ukuta wa jirani. Kitanda, jiko, kabati na watoto wawili viligombea nafasi iliyobaki. Mlango ulikuwepo, lakini mwenye nyumba alikuwa amesimama katikati yake na tumbo lake. Alieleza, ingawa hakuulizwa, kwamba kiraka kingemfaa kila mtu. Ila kama ni kuvunja, basi wapangaji wote watoke kesho, maana yeye hataki kesi ya mtu kufa.

Binti alijua maana yake. Mumewe alikuwa safarini na lori, na haikujulikana atarudi lini. Wakwe walishamwambia kwao hakuna nafasi. Akitoka hapa ni barabarani, yeye na wanawe. Akibaki, alikuwa na ile dari juu ya vichwa vyao kila wanapolala.

Nyundo ikaanza. Ngo, ngo, ngo. Fundi akachora kiduara juu ya jiko, akasogeza ngazi, akachora kingine karibu na dirisha. Mwenye nyumba alimwita mara mbili kutaka kujua kama hivyo ni vingi. Hakujibiwa, wala hakuchukia.

"Akishalisikiliza zege, huyu hasikii lingine," alisema kwa heshima.

Binti alijikaza mpaka ngazi ilipofika kitandani. Hapo akasogea, akasimama chini yake.

"Baba, nisamehe," akasema, akiutazama mgongo wa baba yake. "Nilikosa. Lakini nakuomba, sema kiraka kinatosha. Sina pa kwenda."

Mama aliinamisha uso. Nyundo haikusita hata kidogo.

Aibu ilimchoma binti mpaka masikio yakapata moto. Maneno yaliyomkwama kooni miaka yote hiyo ameyatoa mbele ya mwenye nyumba, na baba hata kuguna hakuguna.

Juu ya mto wa watoto fundi aligonga mara moja, akangoja. Akagonga tena, akangoja zaidi. Kwa binti ulikuwa mlio uleule tu. Mama alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vililegea mguuni mwa mumewe, vikatetemeka, kisha vikakaza. Fundi akachora. Akagonga pembeni yake, akachora tena, mpaka viduara vikashikana kutoka kitandani hadi ukutani.

Alishuka, akajifuta vumbi usoni, akamtazama mkewe. Midomo ya mama ilicheza kidogo, kama ya mtu anayesali. Mzee alikunja uso, akageukia mlangoni.

"Ivunjwe," akasema. "Na watu watoke leo, si kesho."

Mwenye nyumba alishika kichwa, akaenda kuwaambia wapangaji wengine. Binti aliwavuta watoto karibu yake, akamtazama baba akiinama kukusanya vifaa, na kwa mara nyingine akauambia mgongo.

"Umeshanilipa, baba. Kuanzia leo mimi si mwanao."

Mzee aliendelea kufunga mkoba wake taratibu, kama hakuna aliyesema kitu.

Mama alipiga magoti mbele yake, akamshika mashavu na kumgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Akamtamkia kwa midomo mitupu, neno baada ya neno, kama anavyomtamkia kila kitu tangu masikio yake yalipokufa, na kama alivyomtamkia sasa hivi habari ya dari:

"Anasema umsamehe. Anaomba arudi nyumbani."