Kifungua Mimba wa Mlangoni

Mwalimu mstaafu alifika mlangoni, na jina la mwanawe wa kwanza likakataa kuja.

Tangu mitumba iruhusiwe na wanawe wakimbilie Dar kuiuza, kila asubuhi alizunguka nyumba yake ya Kitangari akiwataja kwa majina: huyu jikoni, huyu dirishani, kifungua mimba mlangoni. Ndivyo alivyowafundisha wanafunzi kukariri: kila jina na mahali pake.

Aliushika mwimo wa mlango mpaka vidole vikamuuma.

Jirani alipita na ndoo ya maji kichwani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu niambie, marehemu mama yako alikuwa akiniita mama nani?"

Jirani alisimama ghafla, maji yakamwagikia begani. "Mama Erasto."

"Usiende kwanza, mwanangu. Niite tena."