Mganga Aliyejua Mgongo Tu

Nyani alikuwa mganga wa migongo, na zaidi ya mgongo hakutazama kitu. Punda alipomjia akiugua, alimgeuza, akamchua kwa mafuta ya mnyonyo, akamwambia, "Pole, utapona."

Punda akarudi, maumivu yamezidi. Nyani akazidisha mafuta. Mwishowe, dawa zilipomwishia, akauliza, "Hebu niambie, ndugu yangu, kazi yako nini?"

"Kukubeba wewe, bwana mganga, ukienda kwa wagonjwa."

Nyani akazunguka mbele, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni wewe! Ndiyo maana wakasema nyani haoni kundule. Nami langu nimeliweka papo hapo penye ugonjwa, njia nzima nikijisifu kwamba hakuna mgongo ulionishinda!"

Kesho yake aliwaendea wagonjwa kwa miguu, na jioni mgongo uliouma ulikuwa wake.