Ngoma Iliyolegea

Mwenyekiti wa timu ya mpira wa magongo alimkuta Mwamvita uani, anaifuta vumbi ngoma ya mashabiki.

"Dada, Jumamosi tunafungua msimu. Wavumilie mabinti, bado tunajenga timu."

"Mnajenga!" Mwamvita alifoka. "Mwaka juzi mlimuuza kipa, mwaka jana mshambuliaji, tena kwa watani wetu! Nyumba gani hiyo haifiki hata lenta? Mimi napiga ngoma huku tunafungwa mabao saba, mashabiki wao wananiuliza msiba wa nani!"

"Safari hii tumepata mabinti wawili wapya, wana mbio kweli."

"Haya, wauzeni na hao!"

Akainyanyua ngoma, akaenda nayo jikoni na kuiinamisha juu ya moto. Mwenyekiti alimkimbilia.

"Usiichome, dada! Nakuomba!"

Mwamvita alimgeukia, macho yamemwiva kwa moshi na hasira.

"Nani anachoma? Ngozi imelegea tangu msimu uishe. Ulitaka niipige hivi hivi, hao mabinti wapya waanze na aibu?"

Akaigonga kwa kidole. Ikajibu kwa sauti nzito, ya usingizi. Akairudisha motoni, akatega sikio.