Sauti ya Mzee Dominiko

"Siyo hii," Fredi alisema, mguu wake ukiwa bado juu ya pedali.

Houssein alishusha pumzi. Duka lake la Musinzira, mjini Gitega, lilijaa redio, nyaya na magitaa makuukuu, na tangu mteja huyu aingie hakuna mwingine aliyethubutu kukaribia kwa sababu ya kelele.

"Ndugu, we unataka nini kabisa? Ya kwanza iko muzuri, unakataa. Ya pili, unakataa. Sasa na hii?"

"Ya kwanza inapiga mluzi kama birika. Ya pili ina adabu mno. Hii inameza nyuzi nene."

"Bon, sawa. Mi nauza vitu vizima, we unatafuta kilichoharibika."

Fredi hakucheka. Alikuwa ametoka Buhinyuza, mbali kule Muyinga, kwa ajili ya kitu kimoja: kisanduku cha kukanyaga ambacho wapiga gitaa hukiita fazi, kile kinachochukua sauti safi ya gitaa la umeme na kuikwaruza mpaka ingurume. Jumapili kwaya yao ingeimba Muyinga mjini, mbele ya kwaya za parokia nyingine zote. Na kwaya ya Buhinyuza bila mngurumo wake ni ugali mkavu.

Mngurumo huo ulikuwa wa mzee Dominiko. Watu waliusikia katika misa ya kwanza baada ya kurudi kutoka ukimbizini Tanzania, wakalia. Tangu hapo hakuna harusi wala ubatizo uliokamilika bila huo. Siri yake hakumpa mtu. Amplifaya yake, lile sanduku lenye spika ndani, aliibeba mwenyewe, akaiunganisha mwenyewe, na mtoto aliyeisogelea alikula kofi. Fredi aliyajua makofi hayo.

Sasa vidole vya mzee vilikuwa vimekakamaa, na gitaa alipewa Fredi. Amplifaya hakupewa. "Tumia ya parokia," mzee alisema, akafunga mlango. Ndani ya hiyo ya parokia, gitaa lilitoka jepesi, safi kama maji ya chemchemi, halina mwenyewe. Mama Martha, kiongozi wa kwaya, hakuzungusha maneno. "Huyo si Dominiko. Ukituletea hivyo Muyinga, ndiyo mwisho wako kwenye kwaya hii. Tutanunua kinanda, tumpe Gervasi."

Gervasi alikuwa ameshaanza kufanya mazoezi juu ya meza.

Houssein aliinama chini ya kaunta, akatoa pedali ya mwisho. Rangi ilikuwa imebanduka, na kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka.

"Hii iko na kiburi. Haipendi kukaa nyuma ya kitu kingine. Gitaa, hii, amplifaya, basi. Na usifungue yote. Sauti unapunguza kwenye gitaa yenyewe, halafu unapanda polepole."

Fredi alikanyaga. Sauti ikatoka nzito katikati, imechanika kingo, kama mtu anayeimba huku amezuia kilio. Nywele zikamsimama.

"Hiyo iko mbaya sana," Houssein alisema.

"Ndiyo yenyewe."

Jumapili, nyuma ya jukwaa, Fredi alikuwa akiunganisha nyaya alipoona viatu vya mzee Dominiko. Haraka akaisukuma pedali nyuma ya chungu cha maua.

"Nasikia ulikwenda Gitega," mzee alisema. "Kutafuta nini?"

"Sauti, mzee."

"Sauti gani?"

Fredi aliendelea kukaza waya. "Yako."

Uso wa mzee ulibadilika. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeguswa mfukoni sokoni. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimeitafuta mwenyewe."

"Fredi, ukinifanya kichekesho mbele ya watu hawa, Mungu anakuona."

Akaenda kuketi benchi la mbele kabisa, naye Fredi akaiunganisha pedali jukwaani, chungu kile kile kikiificha.

Fredi aliielewa hesabu. Akipiga gitaa jepesi, Mama Martha atamfukuza. Akikanyaga, mzee atasimama na kumwita mwizi, na Buhinyuza nzima hakuna atakayembishia Dominiko. Mama Martha akainua mkono, kwaya ikaanza.

Ubeti wa kwanza aliupiga mtupu. Aliona kichwa cha Mama Martha kikigeuka, na jicho lile si la mtu wa kusamehe. Akapunguza sauti kwenye gitaa kama alivyofundishwa. Akalitazama benchi. Mzee alikuwa amekunja ngumi zake zilizokakamaa juu ya magoti.

Kiitikio kilipofika, Fredi akakanyaga, akapanda.

Mngurumo ukapasua uwanja. Mkono wa Mama Martha uliganda hewani, kisha ukashuka kwa nguvu ambayo haijawahi kuonekana kwake. Wanawake wa Buhinyuza wakapiga vigelegele. Halafu parokia nyingine zikainuka, benchi kwa benchi.

"Dominiko!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Dominiko huyo!"

Wimbo ulipokwisha, mzee alikuwa ameshasimama. Alikuja moja kwa moja, akiwasukuma watu kwa kiwiko. Pembeni Gervasi alianza kutabasamu. Fredi akaondoa mguu, akakaza shavu, akasubiri kofi.

Dominiko akamshika bega na kumvuta karibu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Pole, mwanangu," alimnong'oneza sikioni, mtu mwingine asisikie. "Umejikaza kiume. Spika yangu ilipasuka juu ya lori siku tunarudi kutoka Tanzania, na miaka yote nimeogopa watu wakijua watanicheka. Hii ya parokia imekupasukia lini?"