Jina Juu ya Ukurasa

"Kijani hapana," Valda alisema. "Mwanangu hakukulia bustanini."

Shanelle, binti wa mdogo wake, alicheka akabofya mandhari nyingine. Tangu asubuhi walikuwa barazani mbele ya kompyuta, wakiivisha blogu na kuivua kama bibi harusi asiyeridhika na nguo. Walishapita yenye maua, wakapita yenye mawimbi ya bahari (bahari gani, hapa Alice Springs?), na nyeupe tupu ambayo Valda alisema inanuka hospitali.

Ya kumi na moja ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu. Juu palikuwa na nafasi pana ya picha, na chini yake nafasi ya jina kwa herufi kubwa.

"Hiyo hapo! Weka ile picha yake ya jezi. Halafu andika: Lindsay, rudi nyumbani."

"Hii imekubali, mama mkubwa," Shanelle alisema. "Hata kama simu yake ina kioo kilichopasuka, picha kubwa hivi ataiona tu."

Upande wa pili wa uzio, jirani yao Eunice alikuwa akimfokea mumewe kama kawaida. "Lindsay! We Lindsay! Punguza hiyo redio, mtaa mzima umeshasikia!"

"Huyu naye analichakaza jina la mwanangu," Valda alisema, wakacheka wote wawili.

Lindsay wa Valda hakuwa ameonekana kwa miaka miwili, tangu msiba wa baba yake. Siku ile alifika amelewa, watu wameshazika, akasimama mbele ya wazee akaliita jina la baba yake kwa sauti, mara tatu. Kwa Waarrernte, kabila lao, jina la marehemu halitajwi, na picha zake hufichwa. Hata mtu mzima wa afya mwenye jina hilo hulazimika kuliacha. Mwenye duka la kona, aliyekuwa wajina wa mume wa Valda, mpaka leo anaitwa Kwementyaye, jina wanalopewa wote waliofikwa na hayo. Lindsay aliyajua hayo tangu utoto. Valda alimzaba kofi mbele ya ukoo mzima. "Potea! Usinionyeshe uso wako mpaka nikuite mwenyewe."

Akatii. Hilo ndilo lililomuuma Valda kuliko yote. Maisha yake yote yule kijana hakuwahi kumtii, akaja kumtii siku ile.

Sasa alikuwa anamwita. Namba yake ya simu ilishakufa. Wengine walisema yuko Adelaide, wengine Port Augusta, lakini wote walisema anashinda mtandaoni. Basi ataitwa huko huko.

Saa sita mchana simu ya Shanelle iliita. "Ni mjomba," alisema, akaenda kuipokelea nje ya geti. Alikaa huko muda mrefu. Kisha Valda alimwona akisogea kwenye uzio wa Eunice, wakazungumza vichwa vimekaribiana. Redio ikazimwa. Afadhali, Valda aliwaza, hatimaye kuna mtu kawaambia.

Shanelle alirudi amenawa uso.

"Mjomba wako anasemaje?"

"Anakuja, yeye na wazee wa kijiji cha Ntaria. Wana mazungumzo na wewe."

"Ile ardhi ya ukoo tena! Wazee hawa hawachoki."

Shanelle akaketi. Alibofya mara moja, picha ikatoweka, ikarudi ile nyeupe tupu.

"Naona hii ni bora, mama mkubwa. Ile picha ni nzito, inachelewa kufunguka."

"Asubuhi ilikuwa nyepesi?"

"Na herufi kubwa hazipendezi siku hizi. Tuandike tu 'Nyumbani'."

"Nyumbani kwa nani? Atajuaje kuwa anaitwa yeye?"

Shanelle alitazama vidole vyake. "Au tuache kwa leo. Tumsubiri mjomba."

Hapo Valda alipandwa na hasira. "Mjomba wako anajua nini kuhusu blogu? Sema ukweli. Hicho chuo cha Darwin ndicho kimekufundisha kutuonea haya? Mwanangu mlevi, sura yake inakuharibia ukurasa wako mzuri?"

"Siyo hivyo, mama mkubwa."

"Ni hivyo hivyo! Lete hapa."

Aliivuta kompyuta mapajani. Asubuhi nzima alikuwa ameangalia inavyofanywa. Aliurudisha udongo mwekundu, akairudisha picha, akaliandika jina mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Shanelle alimshika mkono.

"Nakuomba, mama. Usiliweke."

Valda aliusukuma mkono wake akabonyeza 'Chapisha'.

Uso wa Lindsay ulijaa kioo kizima, jezi imelowa jasho, anacheka na jino lake lililovunjika. Valda naye alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile kofi alijisikia mwepesi, na hakuona haja ya kumficha mtu furaha yake.

"Umeona? Nilisema mpaka nimwite. Sasa nimemwita."

Shanelle alikuwa ameinamisha kichwa juu ya magoti. Magari matatu yaliingia mtaani polepole, yakasimama mbele ya geti, na hakuna aliyepiga honi.

Ng'ambo ya uzio Eunice alimwita mumewe, kwa sauti ya chini ambayo Valda hakuwahi kuisikia kwake.

"Kwementyaye. Lete viti. Wazee wamefika."